Kukaza Buloni Si Kuitia Kufuli



Jioni moja, kwenye barabara ya Mikelenge, pikipiki niliyopanda ilitoa sauti ambayo kila mtu wa Kindu anaijua: krak, krak, krak. Halafu mnyororo ukajisokota na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Tulikuwa tunaenda polepole kwa sababu ya mashimo, ndiyo maana tulianguka kama watu wanaoketi chini. Motari akainama kuangalia. Kuroni, yaani lile duara la meno la nyuma linalovutwa na mnyororo, lilikuwa limeinama upande. Buloni 2 kati ya 4 hazipo. Zile 2 zilizobaki unazizungusha kwa vidole.

"Lakini nilizikazisha juzi tu, yaya," aliniambia.

Alikuwa anasema kweli. Na huyo kijana, ambaye mimi nilikuwa nimemwita "motari" tu, ana lisansi ya uchumi. Ni mmoja wetu. Wengi wetu, kati ya diplome na kazi ya kwanza, tutapitia kwenye kiti cha pikipiki, au tutanunua moja na kumpa ndugu aendeshe, au tutakuwa abiria kila siku. Kwa hiyo swali lake ni letu sote: inawezekanaje buloni iliyokazwa kwa nguvu juzi iwe imeanguka leo?

Jibu ni kwamba kukaza ni jambo moja, na kuizuia isirudi nyuma ni jambo lingine. Mlango ukiuvuta mpaka ukagusa fremu umeufunga, lakini hujautia kufuli. Upepo ukija, tutaona.

BULONI INASHIKA KWA KITU GANI?

Tunafikiri buloni inashika kwa sababu "imeingia ndani". Hapana. Buloni inashika kwa sababu imevutwa. Unapoikaza, chuma kinanyooka kidogo sana kama mpira, na kwa kuwa kinataka kurudi urefu wake, kinabana vile vitu viwili pamoja. Buloni ni springi ngumu sana.

Ngumu kiasi gani? Chukua buloni ya unene wa milimita 8, yenye namba 8.8 kichwani. Ukiikaza vizuri, inabana kwa nguvu ya zaidi ya tani 1 na nusu. Kitu kidogo hivyo, kinabana kama vile umekiwekea jeep juu. Sasa sikia upande wa pili: ili kutoa nguvu hiyo, buloni fupi kama zile za kuroni inarefuka kwa sehemu ndogo ya milimita, chini ya unene wa unywele mmoja. Hapo ndipo siri yote ilipo. Nguvu kubwa imesimama juu ya unywele.

Maana yake ni hii. Kama chini ya kichwa cha buloni kuna rangi, kutu, matope yaliyokauka au mchanga, uchafu huo utasagika katika kilomita za kwanza. Ukisagika nusu ya unywele, umepoteza karibu nusu ya nguvu yote, na buloni haijazunguka hata kidogo. Kwa hiyo fundi anayekaza bila kusafisha anakaza uchafu. Hiyo ndiyo sababu pia ya kukaza tena baada ya safari ya kwanza: sio kwamba fundi alikudanganya, ni kwamba vitu vimekaa mahali pake.

Na nguvu ya mkono wako inakwenda wapi? Wahandisi wamepima: katika sehemu 10 za nguvu unazotia kwenye ufunguo, karibu 5 zinaliwa na msuguano chini ya kichwa, karibu 4 zinaliwa na msuguano kwenye nyuzi, na 1 tu ndiyo inayovuta buloni. Ndiyo maana buloni yenye kutu inaweza kukupa jasho jingi, ukasema "hii sasa iko nguvu", kumbe haijabana kitu. Na ndiyo maana pia buloni iliyopakwa grisi ukiikaza kwa nguvu ileile inaweza kukatika: msuguano umepungua, na nguvu inayobaki inamvuta mwenyewe kupita kiasi.

KWA NINI INALEGEA YENYEWE?

Zamani watu waliamini kwamba buloni inalegea kwa sababu ya mtikisiko wa juu na chini. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa mashine ya majaribio kwamba adui mkubwa ni mwendo wa upande kwa upande, yaani ule wa kukatiza buloni.

Fikiria ubao uliowekwa kutoka kwenye boti mpaka ukingo wa Lualaba, na gunia la mchele limelala juu ya ubao huo wenye mteremko. Gunia haliteremki, msuguano unalishika. Sasa mtu mmoja ashike ubao na kuutikisa kushoto na kulia. Hakulisukuma gunia kuelekea chini, lakini litateremka taratibu mpaka kwenye maji. Kwa nini? Kwa sababu kitu kinapoteleza upande mmoja, msuguano wake umeshatumika huko, na haubaki wa kukizuia upande mwingine. Nyuzi za buloni ni huo ubao wenye mteremko, ila umezungushwa kwenye nguzo. Tikisa kwa upande, na buloni itateremka mteremko wake yenyewe, bila mkono wa mtu.

Sasa angalia kazi ya kuroni. Motari akivuta gesi, mnyororo unavuta kuroni mbele. Akiachia, injini inamzuia, na nguvu inageuka kwenda nyuma. Kuvuta, kuachia, shimo, kuvuta, kuachia, dimbwi. Kutoka sokoni mpaka nyumbani umeshafanya hivyo mara mia kadhaa. Kila mara kuroni inajaribu kuteleza upande chini ya vichwa vya buloni. Zikiwa zimebana vizuri, haitelezi. Zikipoteza ule unywele wao, inaanza kuteleza, na kuanzia hapo mambo yanaenda haraka: kulegea kunaleta kuteleza, kuteleza kunaleta kulegea.

KUFULI ZENYEWE

Kuna namna nyingi za kuzuia, na si zote zina thamani sawa.

Ya kwanza ni kizuizi cha mwili, yaani chuma kinaizuia buloni isizunguke. Kwenye kuroni za pikipiki nyingi kuna kibati chembamba chenye masikio, kinachokaa chini ya ekru 2. Baada ya kukaza, unakunja sikio mpaka lilale juu ya ubavu wa ekru. Ndugu zake ni pini ya kupasuliwa, inayopita ndani ya tundu la ekseli na kukunjwa miguu, na waya wa kufungia buloni ambao mafundi wa ndege wanautumia.

Ndugu mwingine ni kugongea chuma. Hapa unachukua msumari wa chuma kigumu, mafundi wetu wanauita pwanto, au patasi butu, na kusukuma chuma cha pembeni kiingie kwenye njia ya ekru. Magari mengi ya Toyota yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana ekru ya ekseli ya namna hiyo: ukingo wake mwembamba unagongwa uingie kwenye mfereji wa ekseli. Ndani ya injini za pikipiki kadhaa, ekru ya klachi nayo inafungwa hivyo.

Mfano unaojulikana sana wa kugongea uko kwenye bunduki. Sisemi kama mpenzi wa bunduki, Maniema tumeziona za kutosha. Lakini somo lake ni zuri. Kwenye bunduki za Kimarekani za aina ya M16 na M4, juu ya kile chuma kinachokwenda na kurudi kuna bomba dogo linalopokea gesi ya moto ya kila risasi. Bomba hilo linashikwa na buloni 2 ndogo tu. Zikilegea kidogo, gesi inavuja, chuma hakirudi nyuma vya kutosha, na silaha inakwama. Kwa sababu hiyo kiwandani wanazikaza kwa kipimo, kisha wanagonga chuma cha pembeni kiuminye ukingo wa kila kichwa. Mkaguzi anayejua kazi haulizi "imegongwa?". Anauliza "chuma kimehama?". Maana kuna zile zenye alama nzuri za pwanto, vidoto vimepangwa vizuri, lakini chuma hakikugusa kichwa cha buloni. Ile ni alama ya kufuli, sio kufuli.

Hili ndilo jambo kubwa ninalotaka ubaki nalo. Kukagua ni kuangalia kama kizuizi kinagusa kile kinachopaswa kukizuia. Sikio la kibati lililoinuliwa nusu, likiwa limesimama mbali na ubavu wa ekru, ni mapambo.

Namna ya pili ni msuguano wa kuongeza. Kuna ekru yenye pete ya nailoni ndani, inayobana nyuzi. Ni nzuri, lakini ukiifungua na kuirudisha mara nyingi pete inachoka, na haipendi joto kali. Ikizunguka kwa vidole mpaka mwisho, kazi yake imekwisha. Kuna pia gundi ya nyuzi. Ilianzia Marekani katika miaka ya 1950, na tabia yake ni ya ajabu: iko maji ikiwa kwenye hewa, inakuwa ngumu ikikosa hewa katikati ya vyuma. Ya buluu unaweza kuifungua kwa ufunguo wa kawaida. Nyekundu kwa kawaida inadai uichome kwanza. Kwa kawaida hazishiki vizuri kwenye mafuta, kwa hiyo usipoosha nyuzi unaweza kuwa umetupa pesa zako.

Namna ya tatu ni ile rondele ya springi, pete iliyokatwa upande mmoja. Kila fundi anaiamini. Lakini ikishabanwa mpaka kulala bapa, inakuwa rondele ya kawaida tu. Hata kitabu cha shirika la anga la Marekani, NASA, kuhusu buloni, cha mwaka 1990, kinasema wazi kwamba kama kufuli haina faida. Sisemi uitupe. Nasema usilale usingizi kwa sababu yake.

NAMNA YA KUKAGUA DAKIKA 5

Huhitaji gereji. Fanya asubuhi, injini ikiwa imezimwa na pikipiki imesimama kwenye stendi kubwa.

1. Futa matope kwenye kuroni kwa kitambaa. Huwezi kukagua usichokiona. Hesabu buloni: ziko zote?

2. Angalia kila sikio la kibati. Limelala kabisa kwenye ubavu wa ekru? Pitisha ukucha katikati. Ukucha ukiingia, kuna nafasi, na nafasi hiyo ni mwanzo wa safari ya buloni. Tafuta pia mpasuko kwenye mkunjo. Sikio lililokunjwa na kunyooshwa mara 2 au 3 linakatika. Kibati kipya ni rahisi kuliko mguu mpya.

3. Tafuta vumbi jekundu au weusi unaong'aa kuzunguka kichwa cha buloni. Chuma kikisugua chuma kinatoa unga. Unga huo unakuambia kwamba vitu vinateleza hata kama buloni bado inaonekana imekaza.

4. Jaribu kwa ufunguo, upande wa kukaza na si wa kufungua. Kama ufunguo wako una urefu wa sentimita 20, kwa buloni ya milimita 8 mvuto wa kama ndoo ya lita 12 ya maji unatosha, isipokuwa kitabu cha pikipiki kinasema vingine. Ikizunguka kwa urahisi, usiishie kukaza. Fungua, safisha, weka kibati kipya, kaza, kunja sikio.

5. Kwa ekru iliyogongewa: chuma kiwe kimeingia kweli ndani ya mfereji, sio mkwaruzo wa juu. Na ikifunguliwa, usiigonge tena mahali palepale, chuma kile kimeshachoka. Dai ekru mpya.

6. Mwisho, chora mstari mmoja unaopita juu ya ekru na kuendelea kwenye kuroni. Rangi ya kucha ya dada yako inatosha. Kesho asubuhi, hata bila ufunguo, ukiona mstari umevunjika sehemu 2, ekru imezunguka. Kichupa kimoja kinatumika miezi mingi.

Ukimaliza kazi ya gereji, rudia hatua ya 4 baada ya siku ya kwanza ya kazi.

USIDHARAU KITU KIDOGO

Mtu atasema, mambo ya buloni ni ya mafundi, sisi tumesoma. Basi tusikilize waliosoma sana.

Tarehe 12 Julai 2013, Ufaransa, treni iliyotoka Paris kwenda Limoges iliacha reli katika stesheni ya Brétigny-sur-Orge. Watu 7 walikufa. Wachunguzi walikuta kipande cha chuma kinachounga reli kilikuwa kimegeuka, kikizunguka kwenye buloni moja. Kilipaswa kushikwa na 4. Sisi watu wa Kindu tunavijua vipande hivyo, maana mji wetu umekua kando ya reli: ile ya kwenda Kongolo, kilomita 355, ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na kila kiungo chake kinashikwa namna ileile. Ukitembea kando ya reli utaona vichwa vya buloni. Sasa unajua vinafanya nini.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Tarehe 20 Agosti 2007, ndege ya China Airlines ilitua Naha, kisiwa cha Okinawa, Japani, ikashika moto na kuungua. Watu wote 165 waliokuwemo walitoka wakiwa hai. Chanzo: buloni moja kwenye bawa ilikuwa imechomoka na kutoboa tangi la mafuta, kwa sababu rondele moja haikuwepo mahali pake. Na wiki chache kabla, mafundi walikuwa wamefanya kazi mahali hapohapo. Kazi gani? Ya kuzuia ekru isilegee! Walitia kufuli, lakini hakuna aliyegundua kwamba kuna kitu kimebaki nje.

Kwa hiyo elimu haikuokoi, wala mshahara mkubwa wa fundi haukuokoi. Kinachookoa ni mtu wa pili kuangalia, au mtu yuleyule kuangalia mara ya pili.

NA SISI JE?

Kwetu kuna ugumu mwingine, nao ni pesa. Motari anapaswa kumpa mwenye pikipiki malipo yake kila jioni. Saa moja ya gereji ni saa moja bila abiria. Fundi naye analipwa kwa kazi iliyokwisha haraka, si kwa sikio lililokunjwa vizuri, ambalo hakuna mteja anayeliangalia. Kila mtu katika mnyororo huo ana sababu nzuri ya kusema "iko sawa, enda tu". Anayebaki kulipa ni mama aliyebeba mtoto mgongoni na kapu la mihogo mbele.

Kijana wetu wa lisansi ya uchumi alilielewa hili haraka kuliko mimi. Tulipokuwa tunasukuma pikipiki kuelekea kwa fundi, alipiga hesabu kwa sauti: siku 2 bila kazi, kuroni imeharibika meno, mnyororo umekatika, upande mwingine kibati kimoja na dakika 5. "Yaya," akasema, "hii nimeifundishwa mwaka wa pili, gharama ya kutofanya kitu. Ila profesa hakutuambia iko chini ya pikipiki."

Ukimiliki pikipiki, mwachie motari wako dakika 5 za asubuhi bila kumhesabia, na kibati kipya kila kuroni inapofunguliwa. Ukiendesha, nunua kichupa cha rangi ya kucha. Ukiwa abiria, kabla ya kupanda tupa jicho chini, upande wa mnyororo. Motari akikuuliza unaangalia nini, mwonyeshe.